Msituambie Haupimiki

Hotuba za nchi hii zina sentensi moja isiyokosekana. Mstaafu anaagwa, mbunge anawashukuru wapiga kura, mhitimu amevaa joho, bwana harusi amekabidhiwa kipaza sauti. Kila mmoja akishamaliza habari zake mwenyewe hugeuza uso kuelekea uani na kusema kwamba wapo waliomshika mkono kimyakimya, mchango wao haupimiki, Mungu atawalipa. Makofi yanapigwa. Kisha chakula kinaletwa, na wanaokileta ndio haohao walioshukuriwa. Hotuba hawakuisikia kwa sababu walikuwa wanaepua masufuria.

Sentensi hiyo nimeichoka. Ina sauti ya heshima na kazi ya ukwepaji: ni mdaiwa anayemwambia mwenye duka kwamba deni lake ni kubwa mno kulipika, hivyo apokee shukrani waachane kwa amani. Wanaoitetea si watu wabaya. Ni wachungaji, walimu, wahamasishaji wa mitandaoni na baba zetu wenyewe. Wanasema duniani wapo wa mbele na wapo wa nyuma. Wa mbele wana kipaji, wa nyuma wana moyo. Moyo haupimwi, na anayejaribu kuupima anauharibu. Mimi nasema kazi ya uani inapimika, tena wanaoifanya wanaipima kila siku. Wasioipima ni wale wanaonufaika nayo.

Twende Kyela, kwenye msiba. Wanyakyusa hawaziki kwa haraka wala kwa uchache wa watu. Chini ya mwembe pana meza, mezani pana kaunta buku, na karani wa msiba anaandika jina, kijiji na kiasi. Elfu mbili inaandikwa. Elfu tano inaandikwa. Aliyekuja na basi kutoka Dar es Salaam akatoa laki moja anaandikwa pia, na majina yakisomwa kabla ya watu kutawanyika, la kwake husomwa kwa sauti iliyoongezwa kidogo. Hatua chache kutoka hapo, wanawake wako uani tangu kabla ya jogoo. Maji yamechotwa, mchele umechambuliwa, maharage yamekesha motoni, na mamia ya watu watakula mchana. Karani hajafika huko na hatafika.

Hapo mtetezi wa haupimiki huniambia: umeona, ile ni kazi ya upendo, sasa utaiandikaje? Imeshaandikwa, ila yeye hajawahi kuomba kuliona daftari. Vikundi vya akina mama vya kufa na kuzikana, ambavyo havikosekani Kyela kama visivyokosekana sehemu nyingine za Tanzania, huweka mahudhurio. Nani alifika mapema, nani alileta kuni, nani alikuja vyombo vimeshaoshwa na kukauka. Asiyefika bila udhuru hutozwa faini. Asiyelipa faini huelezwa, kwa upole wa kutisha, kwamba msiba ukiingia kwake atajua urefu wa siku. Hawa ndio watu ambao mzungumzaji wa kipaza sauti anadai kazi yao haina kipimo. Wanacho kipimo, wana adhabu, wana rufaa na wana kumbukumbu ndefu kuliko ya halmashauri. Kinachokosekana ni mtu wa mezani kukubali kwamba daftari la uani na kaunta buku lake ni hesabu za msiba mmoja.

Kosa hili lina chanzo chake, na si roho mbaya. Kazi nyingi za nyuma zikifanikiwa, matokeo yake ni kwamba hakuna kilichotokea. Chukua mchele. Kila soko la Dar es Salaam lina gunia lililoandikwa Kyela, na mengi ya magunia hayo, nadhani, hayajawahi kuuona mto Songwe. Mwulize muuzaji harufu ile inatoka wapi, atakutajia ardhi, joto la ziwani, na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inayofurika masika na kuacha tope jipya bondeni. Yote kweli. Lakini ardhi haiamki alfajiri kwenda kukaa kwenye dungu na kuvuta kamba yenye makopo ili ndege wasitue. Anayeamia ndege ni mtoto, bibi, au mama mwenye mwingine mgongoni. Akizembea asubuhi moja, hasara inaonekana na jina lake linatajwa kijiji kizima. Akiwa makini msimu mzima, mpunga unavunwa kama kwamba ndege hawakuwahi kuumbwa. Mwenye shamba anasifiwa kwa mavuno. Aliyekaa dunguni hana cha kuonyesha isipokuwa hasara ambayo haikutokea. Ukishaielewa hesabu hiyo, unaelewa pia kwa nini muuguzi wa zamu ya usiku, mhasibu mwaminifu na mke wa mlevi huonekana hawafanyi kitu.

Kokoa ni mfano mkali zaidi, kwa kuwa uani ndiko ladha yake inakotengenezwa. Punje mbichi haina chokoleti hata chembe. Ni kitu chungu kilichovikwa ute mweupe. Ladha huanza kuumbika inapovundikwa, siku tano hadi saba, imefunikwa kwa majani ya mgomba, joto likipanda ndani na mtu akiigeuza kwa wakati wake. Ukifunua mapema inabaki kali na kakasi. Ukichelewa inaanza kuoza. Hakuna kengele inayolia. Anayejua ni anayeingiza mkono na kunusa, na kwenye nyumba nyingi mkono huo ni wa mama au wa bibi. Kisha inaanikwa, inaanuliwa mbio kila wingu likitanda, inaanikwa tena, na mawingu ya Kyela hayana adabu. Siku ya mauzo, kupitia ushirika na mnada wa stakabadhi ghalani, karatasi inatoka na jina la mwenye shamba, na fedha zinafuata jina. Mnunuzi wa Ulaya analipia ubora uliozaliwa chini ya majani ya mgomba. Anayepokea ni shamba.

Sisemi mwenye shamba hakufanya kazi. Alipanda, alipogoa, alilinda mipaka. Ninachokataa ni ule ufafanuzi kwamba yeye alitumia akili na mkewe alimsaidia. Aliyesaidia alikuwa anafanya uamuzi wa kitaalamu mara kadhaa kwa siku. Ukitaka kujua nani ni fundi, mwondoe kwa wiki moja uangalie kinachoharibika.

Nenda Lyulilo siku ya Jumamosi, karibu na Matema, ambako vyungu vya Wakisi hushushwa kutoka kwenye mitumbwi. Wanawake wa Ikombe na vijiji vya chini ya Milima ya Livingstone ndio wanaofinyanga, kulainisha kwa mawe na kuchoma. Usafiri wa ziwani kwa kawaida ni wa wanaume. Kupandisha Tukuyu na Mbeya ni kwa wachuuzi wa magari. Kadiri chungu kinavyozidi kwenda mbali, ndivyo aliyekifinyanga anavyozidi kufutika. Hilo sitalirefusha, kwani biashara zote ziko hivyo, na chungu angalau kinajionyesha chenyewe.

Lakini anayeamini kwamba wa nyuma wana moyo na wa mbele wana akili akasome habari za Leonard Mwaisumo. Katika miaka ya 1930, Godfrey Wilson na mkewe Monica, wanaanthropolojia, walifanya utafiti Unyakyusa. Godfrey alifika 1934, Monica akamfuata, na kazi ilikwenda hadi 1938. Kutokana nayo Monica Wilson aliandika Good Company, kilichotoka 1951, kisha vitabu viwili vya matambiko ya Wanyakyusa, 1957 na 1959. Wasomi wa vyuo vikubwa duniani wamewajua Wanyakyusa kwa vitabu hivyo. Majalada yana jina moja. Mwaisumo alikuwa karani wao. Karani wa namna hiyo ndiye aliyeuliza, aliyetafsiri, aliyeandika maneno ya watu kwa Kinyakyusa, na aliyejua mzee yupi aendewe lini na kwa utaratibu gani. Alizaliwa 1910, akafariki 1938, kabla hata kimoja cha vitabu hivyo hakijatoka. Ilibidi ufike mwaka 2013 ndipo kitabu kilichohaririwa na Andrew Bank na Leslie Bank, kinachomhusu Monica Wilson na wakalimani wake, kikampa sura yake mwenyewe.

Miaka 75 baada ya kufa ndipo mtu anaandikiwa sura. Sasa niambieni, mchango wa Mwaisumo haupimiki? Mbona umepimwa, na wanahistoria wenye majalada ya nyaraka mbele yao! Wamekaa wakaangalia nani aliandika nini, nani alimwelekeza nani, wapi sauti ya karani imeingia kwenye maandishi ya bwana wake. Mwondoe Mwaisumo na wenzake, kinachobaki ni Wazungu wawili waliokaa kwenye matanga wakiona watu wanalia na wanacheza ngoma, wasijue kwa nini mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Moyo wake sijui ulikuwaje, wala hauhitajiki katika hoja hii. Ujuzi wake unatosha.

Na ndani ya Good Company kuna jambo jingine ambalo wasomaji wengi hulipita. Kitabu kilipata umaarufu kwa kueleza vijiji vya rika: wavulana wa Kinyakyusa, wakifika umri wa miaka kumi hivi, waliondoka nyumbani kwa baba zao wakajijengea vibanda pembeni, wakakua pamoja, wakaoa, wakawa kijiji kamili chenye wakuu wake. Ni picha inayopendwa sana na wanaume wa Unyakyusa waliosoma. Nimeisikia ikitajwa kwenye vikao kama ushahidi kwamba babu zetu walijitegemea tangu utotoni. Wangeendelea na kusoma. Monica Wilson anaeleza wazi kwamba wavulana hao walilala kwao lakini hawakupika kwao. Walikwenda kwa makundi, nyumba kwa nyumba, wakila kwa mama wa huyu leo na kwa mama wa yule kesho, mpaka walipooa na kupata wa kuwapikia. Kwa hiyo kile kijiji cha wanaume wenye kujitegemea kilikuwa na jiko, na jiko lilikuwa kwa mama zao. Undugu wa rika, ule wa kula pamoja na kucheka pamoja, ulifungwa juu ya chungu ambacho hakuna mwanarika aliyekibandika. Siwalaumu wale vijana. Walikuwa na njaa. Nawalaumu wajukuu wao wanaosimulia kijiji na kuacha jiko.

Wapo watakaosema hayo ni ya nyumbani, mambo makubwa ya dunia huendeshwa na wakubwa. Ziwa Nyasa linawajibu. Mwaka 1893 Wajerumani waliingiza ziwani meli ya Hermann von Wissmann, ikawa inahudumia pwani ya kaskazini pale walipokuwa na kituo cha Langenburg, Lumbila. Haikuogelea kutoka Hamburg hadi hapo. Ilikuja vipande vipande kwa Zambezi na Shire, na palipokuwa na maporomoko ilipita nchi kavu kwa nguvu za wapagazi. Jina la afisa liliandikwa ubavuni. Tarehe 13 Agosti 1914, vita vilipofika, meli ya Waingereza, Guendolen, iliishambulia ikiwa imepandishwa nchi kavu kule Liuli, na vitabu vya vita vinamtaja nahodha Rhoades kwa upande mmoja na nahodha Berndt kwa upande wa pili, pamoja na kisa kwamba walikuwa wakinywa pamoja kabla ya vita. Meli za namna hiyo zilikula kuni. Aliyezikata na kuzipanga ufukweni hana hata kisa cha kunywa.

Vita vile vilibebwa na wapagazi. Kwa upande wa Waingereza peke yake, makadirio ya waliokufa yanakaribia 95,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa. Sasa simama mbele ya Sanamu ya Askari, Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927. Maandishi yaliyo chini yake yanawataja wapagazi na kuwasifu kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba atakayekufa kwa ajili ya nchi yake ataacha jina kwa wanawe. Maneno mazuri. Kisha inua macho uone shaba imemchonga nani. Ni askari mmoja na bunduki yake. Mpagazi yuko kwenye shukrani, hayuko kwenye sanamu, na majina yaliyoahidiwa hayapo. Nairobi, kwenye sanamu ya vita hivyohivyo, walimchonga mpagazi akasimama pamoja na wapiganaji. Kumbe iliwezekana. Shaba haikuwa imekwisha.

Hotuba ya shukrani imetoka mbali, basi. Dola ya kikoloni iliijua vizuri kabla ya wabunge wetu.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni kwamba hesabu inaua undugu. Mama akianza kuhesabu vyungu, mama amekuwa mpishi wa hoteli. Naiheshimu hoja hii kwa sababu ina hofu ya kweli ndani yake, ila inatolewa na watu wasiojua mila wanazozitetea. Unyakyusa mahari ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe walihesabiwa, mmoja mmoja, pamoja na yule aliyekufa njiani na ndama aliyeahidiwa. Kizazi kizima baadaye watu waliweza kusema ng'ombe wa nani alimwoa nani. Undugu ulikufa? Undugu ulijengwa kwa ng'ombe hao. Kilimo cha kualikana kilikwenda kwa zamu, na aliyekunywa pombe ya mwenzake asitokee shambani kwake alijulikana. Jamii hii ilihesabu kila kitu ilichokithamini. Hofu ya kwamba hesabu inaharibu upendo huibuka pale tu inapotajwa kazi ya mwanamke, ya mtoto, au ya msaidizi wa ndani anayelala jikoni.

Halafu kuna wanaosema: wao wenyewe hawataki kutajwa. Wapo, ndiyo. Yupo anayemlipia ada mtoto wa jirani na kumwomba mwalimu mkuu asimtaje, na namheshimu kuliko wafadhili wote wanaopiga picha na hundi ya mbao. Lakini mtu huyo ana jina kwenye hati ya shamba, benki na kwenye kadi ya ushirika. Ameamua kulizuia mahali pamoja. Anayeficha lazima kwanza awe nacho. Mama wa kokoa hakuwahi kuulizwa kama anapenda jina lake liandikwe, na kutoulizwa kwake tukakuita unyenyekevu.

Niseme pia kwamba nchi hii imeshapima, na kipimo kipo kwenye vitabu vya sheria. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaitaka mahakama, inapogawa mali za wanandoa waliotalikiana, iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi. Majaji walivutana kuhusu kazi hiyo ya mwisho: kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango, au ni wajibu wa mke ambao hauna malipo? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilimaliza ubishi katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Kazi za nyumbani ni mchango. Zina uzito katika mgawanyo.

Wanaoipenda kesi hiyo mara nyingi hawasimulii mwisho wake. Bi Hawa alishindwa. Mahakama ilikubali kwamba kazi yake ilikuwa mchango, kisha ikaona kwamba fedha alizopewa na mumewe za kuanzishia biashara zilitumiwa vibaya, na kwamba kwa hiyo hakuwa na cha kudai zaidi. Unaweza kuipinga hukumu hiyo. Mimi naona ilimbana mno. Hata hivyo ndani yake kuna kitu ambacho makofi yote ya ukumbini hayajawahi kuwapa watu wa uani: ilimchukulia kama mtu mzima mwenye hesabu, anayeweza kuongezewa na anayeweza kupunguziwa. Mchango usiopimika hauwezi kuwa mdogo, hauwezi kuwa mkubwa, hauwezi kukosea. Ndiyo maana ni rahisi kuusifu. Mchango unaopimika unaweza kudaiwa, na mdaiwa anajua.

Kyela haihitaji kungoja sheria mpya. Ushirika wowote wa kokoa unaweza, kabla ya msimu kufunguliwa, kuweka ajenda moja kwenye mkutano wa wanachama: katika kila kaya aliyevundika na kuanika ni nani, na sehemu yake ya malipo iingie akaunti ipi? Nawajua watakaosimama wa kwanza kupinga. Baadhi yao ni wajomba zangu. Watasema mke na mume ni kitu kimoja, nami nitawauliza kwa nini basi akaunti ya hicho kitu kimoja ina namba ya siri inayojulikana na mmoja. Watasema tunaleta mambo ya mjini. Mkutano wa kwanza utavunjika kwa kelele, na wa pili huenda pia. Kiasi gani ni cha haki, thumuni, robo au nusu, sitawapangia, maana wanaojua kazi inakula siku ngapi ni wao. Ila robo, nusu au thumuni, itabidi mtu asimame na kutaja namba.